Kikomo, Kima na Nafasi: Istilahi za Ukubwa wa Faili katika Programu Kongwe za Hifadhidata

Wafasiri wa vitabu vya mwongozo wa kompyuta wamezoea kuandika "faili limejaa" kila programu inapokataa kupokea maandishi zaidi. Kauli hiyo haina ila kisarufi, na karani yeyote aliyepata kufanya kazi masijala huielewa mara moja, au hudhani ameielewa. Lakini katika programu za hifadhidata zilizoingia maofisini tangu miaka ya 1980, kauli hiyo moja imebebeshwa maana tatu zilizo mbalimbali, na kila maana ina dawa yake. Karani anayepewa dawa isiyo yake hununua diski asiyoihitaji, au hufuta kumbukumbu ambazo hakupaswa kuzigusa. Makala haya yanakusudia kuzitenga maana hizo na kupendekeza istilahi kwa kila moja.

Hapana budi kwanza kulitaja jina la programu zenyewe. Ninazozikusudia ni kama dBASE ya kampuni ya Ashton-Tate, Clipper, FoxPro, na matoleo ya awali ya Microsoft Access. Wako wanaoziita "programu za urithi" kwa kufuata Kiingereza. Sioni kuwa jina hilo linafaa. Urithi kwa Mswahili ni mali iliyoachwa na marehemu, nayo hugawanywa kwa sheria. Programu hizi hazijafa, wala hakuna anayegombea fungu lake. "Programu kongwe" yatosha. Mkongwe ni mzee aliyechoka, lakini yu hai, na bado huulizwa mambo ambayo vijana hawayajui. Microsoft ilitangaza mwaka 2007 kwamba haitatoa toleo jingine la Visual FoxPro, ikaacha kuihudumia mwaka 2015. Hata hivyo muundo wa faili wa dBASE unaishi hadi leo ndani ya vitu ambavyo wengi hawavidhanii. Ramani za kompyuta za aina ya shapefile, zinazotumiwa sana na maofisa wa ardhi na wa mipango, hubeba jedwali la dBASE pamoja na mipaka yake yote ya zamani. Kwa hiyo jambo tunalolijadili si la makumbusho.

Istilahi zetu katika uwanja huu zilichelewa, na sababu mojawapo ni ya kihistoria. Kompyuta ya kwanza nchini Tanzania ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo. Programu za hifadhidata za kompyuta ndogo zilizaliwa ng'ambo katika miaka iliyofuata, na zilipotufikia zilikuja na maneno yake tayari. Tulipokea vitu na majina kwa mkupuo mmoja, tukaanza kutafsiri haraka haraka.

Mifano yangu mingi itatoka Tabora. Sababu ya kwanza ni ya kazi: Chuo cha Uhazili Tabora, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma, kimefundisha watumishi waliotawanyika katika ofisi za nchi nzima, nao ndio wanaokutana na maneno haya kila siku. Sababu ya pili ni ya lugha. Kabla ya reli kufika mwaka 1912, mji huu, ambao Burton na Speke waliufikia Novemba 1857 wakauandika kwa jina la Kazeh, ulikuwa njiapanda ya misafara. Njia iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapa: moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda, nyingine ikaelekea kusini hadi Katanga. Biashara yote hiyo ilipita vichwani na mabegani mwa watu, hasa Wanyamwezi, na hivyo ikailazimisha lugha kuwa na maneno makini ya mzigo na kipimo chake.

Chukua neno mtumba. Leo mtu wa Dar es Salaam akilisikia hufikiri nguo zilizovaliwa. Katika kamusi za zamani mtumba ni mzigo wa nguo au bidhaa uliofungwa kwa kipimo cha kuchukuliwa na mpagazi mmoja, na mkulima wa tumbaku wa Urambo bado hulitumia kwa furushi la tumbaku analolipeleka sokoni. Kipimo cha mzigo kilikuwa frasila, yaani ratili 35, karibu kilo 16. Stanley, aliyepita Tabora mwaka 1871, aliandika kwamba mzigo wa mpagazi usizidi ratili 70, ambazo ni frasila mbili.

Sasa tuangalie ratili hizo 70 ni kitu gani. Ghala la tajiri wa Unyanyembe laweza kujaa bidhaa hadi darini, au laweza kuwa tupu. Hilo halimhusu mpagazi aliye njiani. Mwili wa mpagazi nao una mwisho wake, uzito ambao hata akitaka hawezi kuuinua. Lakini ratili 70 hazikuwa mwisho wa mwili. Zilikuwa mapatano, na wako wapagazi waliojivunia kubeba pembe za ndovu zilizopita kiasi hicho, maana pembe haikatwi vipande ili ienee kipimo. Tuna basi mambo matatu: nafasi iliyomo ghalani, mwisho ulio katika umbile la mchukuzi, na kiasi kilichowekwa kwa makubaliano. Mambo hayo matatu ndiyo yaliyochanganywa katika "faili limejaa".

Nitaanza na la pili, kwa kuwa ndilo gumu. Tumfikirie mtunza masijala aliyechapishiwa daftari lenye vyumba vinne vya kuandikia namba ya jalada. Ataandika 0001, 0002, na kuendelea, hata afike 9999. Jalada linalofuata hawezi kuliandikisha. Rafu zake zaweza kuwa tupu nusu nzima, karatasi anazo, wino anao. Kinachomzuia ni upana wa chumba cha namba, na upana huo uliamuliwa na mpiga chapa siku daftari lilipotengenezwa. Kompyuta huandika namba zake kwa biti, ambayo ni tarakimu isiyokuwa na thamani ila 0 au 1, na biti nane hufanya baiti moja. Watengenezaji wa dBASE II, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walitenga baiti mbili mwanzoni mwa kila faili za kuandikia idadi ya rekodi zilizomo. Baiti mbili ni biti 16, na namba kubwa kuliko zote iwezayo kuandikwa kwa biti 16 ni 65,535. Hapo ndipo faili la dBASE II lilipokoma. Toleo la dBASE III la mwaka 1984 lilitenga baiti nne, na hesabu ya rekodi ikapanda hadi kwenye mabilioni.

Tufanye hesabu kwa mfano wa kubuni. Chama cha ushirika cha wakulima wa tumbaku kinaandika kila mtumba uliopokewa kuwa rekodi moja: namba ya mkulima, tarehe, daraja na uzito, jumla baiti 60. Kina wakulima 3,000, na kila mmoja huleta mitumba 25 kwa msimu. Hiyo ni mitumba 75,000. Kwa dBASE II faili litakataa kabla msimu haujaisha, likiwa na rekodi 65,535. Zidisha kwa 60 upate baiti 3,932,100, yaani pungufu ya megabaiti 4. Diski ya kompyuta ya IBM PC XT ya mwaka 1983 ilikuwa na megabaiti 10. Zaidi ya nusu ya diski haijaguswa, lakini faili halipokei tena.

Geuza mfano huo. Chama hicho hicho kina dBASE III, lakini kinahifadhi data katika diski laini ya kilobaiti 360. Humo zitaenea rekodi kama 6,000 tu, ingawa programu yenyewe ingeweza kuhesabu mabilioni. Karani wa kwanza na karani wa pili wote wawili wataambiwa "faili limejaa". Wa kwanza hata akipewa diski kubwa mara kumi hatasaidika, anahitaji kuligawa faili au kubadili programu. Wa pili anahitaji diski tu.

Kwa hiyo napendekeza kwamba kitenzi "kujaa" kitumike kwa chombo cha kuhifadhia, yaani diski, na kipimo cha kinachobaki humo kiitwe nafasi: "diski imejaa", "nafasi iliyobaki ni megabaiti 3". Faili lisijae. Faili hufikia kikomo.

Neno kikomo nimelichagua baada ya kuyapima mengine manne. "Mpaka" linafahamika sana, lakini mpaka una pande mbili. Ng'ambo ya mpaka kuna nchi nyingine, na mtu mwenye kibali huvuka. Ng'ambo ya rekodi ya 65,535 hakuna nchi. "Upeo" ni mwisho wa kuona, nao husogea kila mtu anaposogea. "Ukomo" lingefaa, ila siku hizi limeshikwa na wanasiasa na wanasheria katika ukomo wa madaraka na mihula, ambao huwekwa na katiba na waweza kubadilishwa na katiba. "Kiwango cha juu" lina ubora na daraja ndani yake, na msomaji aweza kudhani faili limepata sifa. "Kikomo" ni mahali kitu kinapokomea kwa umbile lake, na ndiyo maana tunayoitaka.

Maana ya tatu ni ile ya makubaliano. Msimamizi wa mitambo aweza kuamua kwamba kila idara isitumie zaidi ya megabaiti 500 katika diski ya pamoja, na kesho aweza kuongeza. Hapa tunalo neno ambalo kila mfanyakazi analijua kutoka katika karatasi ya mshahara: kima. Kima cha chini cha mshahara ni kiasi kilichotangazwa na mwenye mamlaka, na mwenye mamlaka hukibadili. Kwa mfano huo tuseme "kima cha juu cha idara ni megabaiti 500". Ratili 70 za Stanley zilikuwa kima. Faida ya neno hili kwa mtumishi ni kubwa, kwa sababu likitokea katika taarifa ya mashine anajua papo hapo kwamba barua kwa msimamizi yaweza kumsaidia. Akiona "kikomo" asiandike barua.

Baada ya kutenga maneno haya bado kuna shaka juu ya "ukubwa". Mtu akisema ukubwa wa faili, anahesabu rekodi au baiti? Miongozo ya programu kongwe hutaja vyote viwili, na mara nyingi kimoja hufikiwa kabla ya kingine. FoxPro, kwa mfano, inaruhusu rekodi bilioni moja katika jedwali, lakini faili halipaswi kuzidi gigabaiti 2. Rekodi zikiwa na baiti 60 kila moja, gigabaiti 2 zitakwisha kabla hazijatimia rekodi milioni 36, na ile bilioni itabaki katika mwongozo. Heri "ukubwa" liachiwe baiti, na kwa rekodi tuseme "idadi". Urefu nao ubaki kuwa wa rekodi moja.

Hizo gigabaiti 2 zinarudi kila mahali, hata wengine hudhani ni amri ya kampuni fulani. Chanzo chake ni kile kile cha chumba cha namba. Programu nyingi za zama hizo ziliandika mahali pa kila baiti katika faili kwa biti 32, biti moja ikawekwa kwa alama ya kujumlisha au kutoa. Zikabaki 31, na namba kubwa ya biti 31 ni 2,147,483,647. Access nayo ilikoma kwenye gigabaiti 1 hadi toleo la 97, na tangu toleo la 2000 ikakoma kwenye gigabaiti 2, humo humo zikihesabiwa fomu, maulizo na vitu vya mfumo wenyewe. Mwenye flashi ya muundo wa FAT32 hukutana na ndugu yake, baiti 4,294,967,295: flashi ina gigabaiti 20 tupu, nayo hukataa faili moja la gigabaiti 5.

Hapa wafasiri wajihadhari na neno "hadi". "Hadi rekodi 65,536" na "hadi rekodi 65,535" si kitu kimoja, na Kiswahili hakisemi wazi kama kilichotajwa mwisho kimo au hakimo. Mtu akikualika kukaa hadi Ijumaa, je, Ijumaa yenyewe unaondoka au unalala? Katika maandishi ya kiufundi tuandike "zisizozidi", ambapo namba iliyotajwa imo, au "pungufu ya", ambapo haimo.

Kuna hali mbaya kuliko kauli yenye utata, nayo ni kutokuwepo kwa kauli. Uingereza, mwaka 2020, majibu ya vipimo vya UVIKO-19 yalikuwa yakiingizwa katika jedwali la Excel la muundo wa kale, ambao kikomo chake ni safumlalo 65,536, ingawa muundo uliotolewa tangu mwaka 2007 una safumlalo 1,048,576. Jibu la mtu mmoja lilichukua safumlalo kadhaa. Jedwali lilipofika kikomo yaliyozidi yaliachwa nje, bila yeyote kuambiwa. Watu 15,841 waliothibitika kuwa na maambukizi kati ya 25 Septemba na 2 Oktoba hawakuingia katika hesabu kwa wakati, na waliokutana nao wakachelewa kutafutwa. Kwa tendo hilo la programu kuacha kinachozidi bila kutoa taarifa tunahitaji istilahi, maana mwongozo usiolitaja hauwezi kumwonya mtu. Napendekeza "kukata kimya". "Kupunguza" hakufai, kwa kuwa apunguzaye hujua anachokipunguza.

Kukata kimya kunatugusa sisi Waswahili kwa namna ambayo Wamarekani hawakuifikiria walipounda programu hizi. Katika dBASE jina la uga, yaani chumba kimoja cha rekodi, halizidi herufi kumi. Fomu zetu huuliza jina la mtu, jina la baba na jina la babu. Andika JINA_LA_BABA, ukate kwenye herufi ya kumi, upate JINA_LA_BA. Andika JINA_LA_BABU, ukate vivyo hivyo. Baba na babu wamekuwa kitu kimoja! Hali hii haikuisha na dBASE. Ofisa anayehamisha orodha ya viwanja kuipeleka katika shapefile hukutana nayo leo, na programu nyingine huongeza tarakimu mwishoni ili majina yasigongane, hata msomaji wa pili asijue ipi ni ya baba. Majina ya mafaili katika mfumo wa DOS yalikuwa na herufi zisizozidi nane: WAKULIMA lilienea, WANACHAMA halikuenea, wala MISHAHARA. Walimu wa uhazili wangefanya vyema kuwafundisha wanafunzi vifupisho vya kudumu, mfano BABA_JINA na BABU_JINA, ambavyo tofauti yake iko mwanzoni, mahali ambapo kisu hakifiki.

Limebaki suala la kufuta. Karani aliyeambiwa kwamba faili linakaribia kikomo hufuta rekodi za zamani, kisha hushangaa kuona ukubwa haukupungua hata baiti moja. Hakukosea. Katika dBASE amri ya kufuta huitia rekodi alama tu, nayo hubaki mahali pake mpaka itolewe amri ya pili inayoziondoa zilizotiwa alama na kuzisogeza zilizobaki. Access pia huacha mapengo hadi iamriwe kuyaziba. Tendo la kwanza tuliite "kutia alama ya kufuta". Kwa la pili wengine wameandika "kubana", lakini kubana kumekwisha kupewa kazi ya kufanya data ichukue nafasi ndogo bila kupotea, na kinachobanwa hufumuliwa. Wakulima wa tumbaku wanalo neno bora: kushindilia. Tumbaku ikishindiliwa ndani ya mtumba mapengo huondoka, na majani yaliyotupwa kabla ya hapo hayarudi. Mwongozo useme wazi kwamba kabla ya kushindilia nakala ihifadhiwe.

Na faili lililofika kikomo likigawanywa, kila sehemu iitweje? "Kipande" kimeenea, lakini kipande ni kitu kilichovunjika, na wazee wetu wana kumbukumbu nyingine chungu na neno hilo tangu enzi ya ukoloni. Masijala zina jawabu la siku nyingi. Jalada likijaa karatasi hufungwa, likafunguliwa juzuu la pili kwa namba ile ile, na kila juzuu huonyesha lililotangulia na linalofuata. Mafaili ya kompyuta yaliyogawanywa yafuate desturi hiyo hiyo, kwa jina na kwa vitendo: TUMBAKU1, TUMBAKU2, kila moja likiwa na idadi ya rekodi zake na namba ya rekodi ya kwanza na ya mwisho.

Taarifa tatu za mashine, zilizokuwa zikifasiriwa kwa kauli moja, zingesomeka basi hivi: "Diski imejaa, toa nafasi au tumia diski nyingine." "Faili limefikia kikomo cha rekodi 65,535. Fungua juzuu jipya." "Idara imefikia kima cha juu cha megabaiti 500. Wasiliana na msimamizi."